Kwa nini "happy to see it" ni sawa lakini "easy to use it" ni kosa

Mkuu umeuliza kitu kinachosumbua watu wengi sana, kwamba "I was happy to see it" inakubalika ila "This app is easy to use it" unaambiwa ni kosa, wakati zote zina kivumishi, zina to, zina kitenzi na zina it mwishoni. Waliokujibu kwamba Kiingereza ndo kilivyo, kariri tu, mimi nawapinga kabisa. Sababu ipo na ukishaielewa mambo mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ni kupitia maandishi ya Kiingereza ya watu waliokulia kwenye Kiswahili, barua za kuomba kazi, ripoti, meseji za kujibu wateja, na hili kosa nakutana nalo kila mara hata kwa watu wenye Kiingereza kizuri tu. Kilichowasaidia wengi ni swali moja la kujiuliza kabla ya kuandika: huyu niliyemtaja mwanzo wa sentensi ndo anafanya hicho kitendo, au ndo anafanyiwa?

Kwenye "I was happy to see it" mimi ndo nimefurahi na mimi ndo nimeona, kwa hiyo kilichoonekana lazima kitajwe, ndo hiyo it. Kundi hili ni la hisia na utayari wa mtu: happy, glad, sorry, eager, willing, ready, afraid, proud, surprised. Sasa njoo kwenye "This app is easy to use". App haitumii kitu, inatumiwa. Ile nafasi ya kinachotumiwa tayari imeshajazwa na this app pale mwanzoni, ukiongeza it unakuwa umekitaja kitu kimoja mara mbili na Kiingereza hapo hakikubali. Kundi hili ni easy, hard, difficult, impossible, nice, dangerous, expensive, comfortable na ndugu zao.

Sasa kwa nini sisi ndo tunaangukia hapo? Kwa sababu Kiswahili kinaruhusu. Sisi tunasema "programu hii ni rahisi kuitumia", "kitabu hiki ni kigumu kukielewa", na hiyo -i- na hiyo -ki- iliyokaa katikati ya kitenzi haina tatizo lolote, tena kwa wengine sentensi bila hiyo inasikika pungufu. Kwa hiyo mtu akiandika "difficult to understand it" anafuata mantiki nzuri kabisa ya lugha yake, ameibeba tu na kuipeleka mahali isipotakiwa. Mimi huwa nawaambia watu hivi, ukiona kwenye Kiswahili ungeweka -i-, -ki-, -m- inayorudi kwa yule uliyemtaja mwanzoni, kwa Kiingereza acha wazi.

Kuna kosa la pili linatoka hapohapo, nalo ni "easy to be used", "this form is easy to be filled". Hii inakuja kwa sababu mtu anahisi fomu inajazwa, haijazi, kwa hiyo anatafuta kutendwa. Hisia yake iko sahihi ila kwa kundi hili la easy Kiingereza hakigeuzi kitenzi, unaandika tu "easy to fill in". Ndo maana sentensi kama "The fish is ready to eat" ina maana mbili, samaki anataka kula au samaki anasubiri kuliwa, sisi tunatofautisha kwa kula na kuliwa, wao wanategemea msikilizaji ajiongeze. Na hiyo ready ni kivumishi cha kuangalia sana maana kinaingia makundi yote mawili, na chenyewe "ready to be eaten" inakubalika.

Hata hao wenye lugha yao hawazaliwi wanajua. Kwenye isimu, yaani taaluma ya kuchunguza lugha, kuna jozi maarufu ya sentensi ambayo mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky aliitumia miaka ya 1960, "John is eager to please" na "John is easy to please", ukizitazama ni mapacha, ila ya kwanza John anataka kufurahisha watu na ya pili watu ndo wanamfurahisha John. Kisha mke wake Carol Chomsky, naye mwanaisimu, akachapisha mwaka 1969 utafiti wa watoto wa miaka 5 hadi 10 wanaozungumza Kiingereza. Alimwonyesha mtoto mwanasesere aliyefunikwa macho, akauliza, huyu mwanasesere "is easy to see or hard to see?" Mwanasesere yuko mbele yao wazi kabisa, lakini watoto wadogo wengi walisema hard to see, maana kwao aliyefunikwa macho ndo anayepata shida ya kuona. Yaani walimfanya mtajwa wa mwanzo kuwa mtendaji. Mimi nikisoma vile nazidi kuwaheshimu wanafunzi wangu, kitu ambacho mtoto wa lugha hiyo anakimaliza taratibu akiwa shuleni sio kitu cha kumcheka mtu mzima anayejifunza.

Tukirudi kwenye matumizi, hapa ndo pana hatari kweli. Mtu anataka kusema kwake ni vigumu kuelewa hesabu, anaandika "I am difficult to understand maths". Ukiishia pale "I am difficult to understand" umesema watu hawakuelewi wewe! Nimeona hii kwenye barua ya kazi na inaumiza kwa sababu mwandishi alikuwa anajieleza kwa uaminifu. Sema "It is difficult for me to understand maths" au "I find it difficult". Vivyo hivyo "Are you possible to come tomorrow?" haipo, ni "Is it possible for you to come?" au kwa urahisi "Can you come?" Na hapa lugha inachekesha kidogo, impossible inakubali "He is impossible to work with" ila possible haikubali mtu kukaa mbele namna hiyo. Ukitaka mtu awe mbele tumia likely, "She is likely to come".

Umegusia pia viji-neno vinavyobaki vinaning'inia mwishoni, kama "easy to talk to". Hili watu wengi wanalipita juu juu lakini kwangu ndo tamu kuliko yote. Kiswahili tunasema "ni rahisi kuongea naye", na hiyo naye imebeba vitu viwili, na pamoja na yeye. Kiingereza kinamtoa yeye kwa sababu ile ile ya easy to use, ila kihusishi, yaani kale ka-to ka mwishoni, kinabaki, "She is easy to talk to". Ukiandika "She is easy to talk" umetupa vyote viwili. Angalia na hii, "kiti hiki ni kizuri kukalia", kihusishi kiko wapi? Kimejificha ndani ya kitenzi, kwenye -li- ya kukalia, ndo inayofanya kazi ya on, "comfortable to sit on". Kalamu nzuri kuandikia, "nice to write with". Nyumba nzuri kuishi ndani yake, "nice to live in". Kwa hiyo ukiwa na kitenzi cha kutendea, au naye, nacho, ndani yake, jua kuna kihusishi kinakudai mwishoni.

Kuhusu of na for: "It was kind of you to help" lakini "It is important for you to help". Jaribu kumpa mtu sifa hiyo moja kwa moja. You were kind, inaeleweka, weka of. You are important, umeshatoka nje ya ulichotaka kusema, weka for.

Vingine havitaki to yenye kitenzi kabisa na hapa kweli ni kuzoea: capable of doing (ila able to do), good at cooking, interested in learning, busy working, worth reading. "I am used to waking up early" inachanganya kwa sababu ina to, ila hiyo ni kihusishi tu, ndo maana inafuatwa na -ing. Halafu kuna vinavyokubali zote mbili kwa maana tofauti. "He is sure of winning" ni yeye ana uhakika, "He is sure to win" ni mimi ninayesema ndo nina uhakika, yeye anaweza kuwa anatetemeka. Sorry nayo, kwa kitu unachofanya sasa hivi "Sorry to disturb you", kwa ulichokwisha kufanya "Sorry for shouting at you". Na ukikutana na mtu mara ya kwanza "Nice to meet you", mkiagana baada ya mazungumzo wengi wanasema "Nice meeting you".

Kama una sentensi zako zinazokutatiza ziweke hapa tuziangalie moja moja, hasa zenye too na enough maana "too heavy to carry" inafuata njia ile ile ya easy na huko nako ile it inapenda sana kujipenyeza.