Jibu: Kuimba na kuigiza, lazima nichague?

Dada, umesema unaimba kwaya hapo Moshi, sasa kikundi cha maigizo kimekuita na unauliza uache kipi. Usiache hata kimoja! Mfuatilie Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito ya besi. Mwaka 1928 aliimba jukwaani London, akacheza filamu kadhaa, na 1943 akacheza Othello, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare, kule Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, maonyesho 296. Tena alisomea Kiswahili London miaka ya 1930, jambo linalonigusa sana.

Mimi nafundisha vijana maigizo hapa Arusha. Mwanakwaya namjua mapema: ana pumzi, anafikisha sentensi ndefu mwisho bila kuimeza. Shida yake ni macho, yanamtafuta mwalimu wa kwaya badala ya mwigizaji mwenzake, na kamera hainyamazii hilo. Chukua ubeti mmoja, useme kama unamgombeza mtu aliyekaa mbele yako, kisha uuimbe na hasira ileile. Ukitaka chuo, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wanafundisha muziki na maigizo pia.