Ukitaka uprofesa wa hisabati, tafuta kwanza msimamizi

Walimu vijana wa hisabati hapa Arusha na Moshi wakitaka kurudi chuo, swali lao la kwanza huwa ni mada. "Mwalimu, nifanye utafiti wa nini?" Wengine wameshaamua tayari: modeli za kuenea kwa magonjwa, kwa kuwa wenzao wamepita huko. Mimi huwaambia mada isubiri. Tafuta kwanza mtu wa kukusimamia.

Ngazi zinajulikana: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa. Kuingia unahitaji GPA nzuri, yaani wastani wa alama zako za chuo. Ukishaingia, kinachokupandisha ni makala zilizochapishwa kwenye majarida yenye wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua kazi kabla haijachapishwa, na makala ya hisabati inaweza kukaa kwao hata mwaka mzima. Ukianza na swali lisilojibika, miaka inakwisha huna kitu mkononi.

Msimamizi mzuri anajua swali gani linajibika. Wangu alikuwa akinirudishia uthibitisho uleule tena na tena, kila mara akizungushia mstari mmoja tu na kuuliza, "Hapa umetokaje?" Nilijifunza kazi hii kwenye mistari ile kuliko darasani. Kwa hiyo kabla hujajisajili, soma alichochapisha karibuni huyo unayemfikiria, kisha waulize wanafunzi wake wanaonana naye mara ngapi na wangapi wamemaliza. Jina kubwa lisilopatikana ofisini litakuchelewesha.

Mwanahisabati Yitang Zhang alipata uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1991, akaondoka bila barua ya msimamizi ya kumpendekeza. Alihangaika miaka bila kazi ya chuo, kuna wakati akitunza hesabu za mgahawa wa Subway, hadi 1999 alipopata kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Mwaka 2013 alithibitisha kwamba jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho. Namheshimu mno. Lakini miaka ile ya kuhangaika simtakii mwanafunzi yeyote.

Kwa aliyeko Moshi, basi la Arusha linapita Tengeru, na huko Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha hisabati tumizi hadi uzamivu. Mwandikie barua pepe mapema unayetaka akusimamie, omba nusu saa. Nenda na ukurasa mmoja tu: makala yake uliyoisoma, na mstari uliokukwamisha.