Nyumba Isiyo na Mtu

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza ukija Idi, ukitaka kuingia na kamera kwenye yale magofu ya Kiponda na Mkunazini, huku Mji Mkongwe wa Zanzibar, na nyumba haina mtu, ruhusa uombe kwa nani. Anzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, atakwambia. Hilo jepesi. Mimi nimekwama kwenye neno lako, "haina mtu".

Bibi na babu yako walipotoka Makunduchi baada ya Mapinduzi walipewa vyumba viwili ghorofani kwenye ile nyumba. Wenye nyumba walishaondoka. Familia nne, ngazi moja, choo kimoja, na paa likawa halina mwenyewe. Nimekwambia mara ngapi: nyumba ya mawe haiuliwi na uzee, inauliwa na maji. Bati likitoboka, maji yanashuka ndani ya ukuta, chokaa na udongo vinalegea, boriti za mikoko zinaoza kwenye ncha zilizozama ukutani, pale usipopaona. Ukitazama dari, zima. Siku moja unasikia mchanga unadondokea kwenye sufuria. Akaja fundi akaziba nyufa kwa saruji badala ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea. Tukasifu kazi yake, ukuta unang'ara!

Mwaka 1998, nina mimba yako, nilipita kwenye duka moja la vitu vya watalii. Nikaona dirisha letu. Dirisha letu kwenye postikadi, na bibi yako ndani yake, mkono kaunyoosha anaanika kanga. Nyuma pameandikwa kwa Kiingereza kwamba hilo ni jumba lililoachwa. Lililoachwa! Siku ilipopigwa picha ile tulikuwa watu kumi na tisa mle ndani. Muuzaji akanitajia bei ya mgeni. Nikamwambia, huyu mama yangu. Akacheka, akadhani natafuta kupunguziwa. Nikalipa, pesa ya mchele.

Bibi yako nilipomwonyesha hakuuliza nani kaipiga. Aliitazama, akasema, "Kanga hii nilikuwa sijamaliza kuilipa."

Basi nikikukataza nitakuwa mwongo. Nyumba ile ilishuka na masika, leo pale wanaegesha vespa, na picha nyingine ya mama yangu akiwa na nguvu zake sina. Mtu asiyebisha hodi ndiye aliyenihifadhia mama. Namshukuru, na nikimwona leo sijui kama nitamwamkia.

Beit al-Ajaib ilipoporomoka Disemba 25, 2020, ikaua watu wawili, ulinipigia simu unalia, ukasema angalau picha zake unazo. Nikanyamaza. Jumba la Sayyid Barghash, la 1883, nani hakulipiga picha? Picha haishiki boriti. Lakini na sisi tusio na kamera, tuliopita pale kila siku tukienda Forodhani, tulishika nini? Mafundi walikuwa wamo ndani wanalikarabati, likaanguka hivyo hivyo. Maji yalishatangulia, nakwambia.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Sisemi. Ukinibana nitasema hapana, kisha nitakuonyesha ngazi iko wapi. Piga hodi hata kama mlango umeshang'olewa, mara tatu. Ukinusa moshi wa kuni au ukikuta kandambili mlangoni, rudi. Na usikanyage katikati ya sakafu, pita kando kando ya ukuta. Viatu vyako vile vyeupe viache Dar.

Postikadi iko kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati. Itazame vizuri chini ya ile kanga, kushoto. Kuna vidole vya mtoto vimeshika nondo za dirisha. Mjomba wako anadai ni vyake. Vyangu.

Mama yako