Kipande kifupi cha video kinatosha kipindi kizima

Mwalimu wa lugha ya pili anayetaka kutumia video darasani hana haja ya kuhangaika na filamu nzima. Kwa uzoefu wangu, kipande cha dakika moja au mbili kinatosha kwa kipindi kizima, mradi kitazamwe zaidi ya mara moja na kila mara wanafunzi wapewe kazi mpya kabla hakijaanza. Wasipopewa kazi watafurahia picha, lakini ukiwauliza baadaye ni nini hasa kilichosemwa, wengi hawatakuwa na jibu.

Mara ya kwanza mimi huzima sauti. Chukua kipande ambamo mtu amesimama mlangoni kwa jirani yake akiomba kuazimwa kitu. Mwenye nyumba anamjibu kwa tabasamu, ila mkono wake haubanduki kwenye kitasa. Wanafunzi hubashiri: ameomba nini, amepewa au amenyimwa, na wao wamejuaje? Katika kubashiri huko huanza kuyatafuta wenyewe maneno watakayoyahitaji, nami huyaandika ubaoni. Sauti inapofunguliwa, husikiliza ili kuthibitisha walichokisema, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kujaribu kudaka kila neno. Ndipo hugundua kwamba mwenye nyumba hakutamka kukataa hata mara moja, bali alitoa udhuru, akasita, kisha akabadili mazungumzo. Adabu ya kukataa namna hiyo ni sehemu ya lugha, na sijaona kitabu cha kiada kinachoifundisha vizuri kama uso na mikono ya msemaji mwenyewe.

Manukuu, yaani maandishi ya mazungumzo yanayopita chini ya picha, yakiwa katika lugha ya kwanza ya wanafunzi siyapendelei katika zoezi la kusikiliza, kwa kuwa macho hukimbilia maandishi na masikio yakalegea. Manukuu ya lugha inayofundishwa ni jambo jingine: huyaleta mara ya tatu, kwani humsaidia mwanafunzi kuona mipaka ya maneno ambayo msemaji ameyaunganisha kwa kasi ya kawaida. Baada ya hapo huyaondoa na kurudia sentensi zilizowashinda.

Uchaguzi wa kipande nao unataka uangalifu. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation, katika makala yake ya mwaka 2006, alichukua asilimia 98 kuwa kiwango cha maneno ya maandishi au mazungumzo fulani ambayo mtu anapaswa kuyajua ili aelewe bila msaada. Darasani msaada upo, kwa hiyo si lazima kufikia kiwango hicho. Hata hivyo, kipande chenye maneno mageni katika kila sentensi ni bora kiachwe, hata kikiwa kinavutia namna gani.

Mwishoni huzima sauti tena, na safari hii wanafunzi wawili wawili huwasemea wahusika kwa maneno yao wenyewe, wakifuata midomo na ishara za mikono.