Mwanangu, kuhusu ile chupa ya waridi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nimefunga mlango maana wajomba zako walikuwa barazani. Unasema mjukuu wangu amevunja ungo mwezi uliopita, chupi zake unaziona zina ute mweupe, na mwenye duka la vipodozi hapo Dodoma amekuuzia chupa ya sabuni ya waridi, akakwambia mtoto ajioshe nayo mpaka ndani asije akanuka. Unauliza umpe au usimpe.

Siku tatu sijakujibu, na si kwamba jibu ni gumu. Ni hilo neno, "asije akanuka". Mimi niliambiwa neno hilo hilo mwaka 1984, wiki niliyoolewa.

Somo yangu, yaani kungwi aliyenifunda, unamkumbuka, yule wa Pangani aliyekuwa akikuletea kashata. Ndiye aliyekaa nami fungate. Usiku wa kwanza alifungua kipande cha gazeti, ndani mna shabu, jiwe jeupe linang'aa kama barafu. Akalitwanga, akaliloweka kwenye kopo la maji ya vuguvugu, akakamulia ndimu. Akaniambia mwanamke hunuka, na mume hasemi, huondoka tu. Nikajiosha mpaka ndani kama alivyonielekeza. Paliwaka moto nikauma kanga nisipige kelele. Yeye akafurahi, akasema dawa imeshika.

Miezi mingi nilifanya hivyo kila siku. Mwaka ule hata sabuni ya mche ilikuwa ya kupangia foleni, lakini shabu haikukosekana Ngamiani, Tanga. Kisha ukaanza kunitoka ute wa kijivu, mwepesi, una shombo ya samaki, na ukizidi baada ya mambo ya chumbani. Nikajua nimekuwa mchafu. Nikaongeza shabu, nikaosha mara tatu kwa siku, na shombo ikaongezeka. Usiku mmoja baba yako akachukua mto wake akaenda kulala barazani. Akasema joto. Mwezi wa 7, kusi inavuma, watu wanajifunika mashuka mawili mawili, joto gani? Baba yako hakunitolea neno baya maisha yake yote, Mungu amrehemu, lakini ule mto kwapani mwake nauona mpaka leo.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja mtu mzima. Akaniuliza, "Unajioshea nini?" Nikasema maji. Akaninyamazia, kisha akauliza tena, taratibu zaidi. Nikalia. Akaniuliza kama nyumbani tunagandisha maziwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema ndani ya uke kuna vijidudu ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, vinatoa uchachu, na uchachu huo ndio unaozuia wadudu wabaya wasizaliane. Sabuni inauua. Shabu na ndimu zinachubua. Na kule kumimina maji ndani, hata maji matupu, kunavikokota vijidudu vyenyewe nje. Uke unajisafisha wenyewe, akasema, na ute ndio ufagio wake. Akanipa vidonge vya siku 7, mdomo ukawa na ladha kama nimenyonya sarafu wiki nzima, nikapona. Shabu sijaigusa tena.

Kwa hiyo mwanangu, maji yanatosha. Nje. Ile mikunjo ya nje aioshe kwa maji kila siku anapokoga, na akitaka sabuni iwe isiyo na manukato, kidogo, nje tu. Ndani hakuoshwi. Na huo ute uliokutisha ndio ishara kwamba mwili wake umekomaa, wengi huanza kuuona miezi kadhaa kabla ya damu ya kwanza. Utabadilika badilika ndani ya mwezi, leo wa kuvutika, kesho mzito. Kama umekuwa kama mtindi na anawashwa, hao ni fangasi. Kama ni wa kijivu au wa kijani na unanuka, au anaumwa tumbo chini ya kitovu, mpeleke kwa daktari, usimpeleke dukani.

Akichamba, aanzie mbele kwenda nyuma. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4, na uchafu wa nyuma haukawii kuingia. Pedi abadilishe kila baada ya saa 4 mpaka 6, hata kama haijajaa. Najua bei. Mwaka 2018 walipoondoa ile kodi ya ongezeko la thamani nilishangilia, mwaka uliofuata wakairudisha, na mpaka leo inaniuma, maana damu hii hakuna aliyeiomba. Lakini asikae na pedi moja kutwa kwa kubana matumizi. Afadhali vitambaa.

Na hapo kwenye vitambaa ndipo ninapogombana na nafsi yangu, maana aliyenifundisha ni somo huyo huyo. Wenzangu walikuwa wakianika vyao chini ya kanga ili kaka zao wasivione, vikakaa na unyevu siku mbili, vinavunda. Somo alinivutia nje nyuma ya jiko, akavitandaza juani waziwazi, kisha akavipiga pasi ya mkaa kimoja kimoja. Akasema jua halina aibu. Mbele kwenda nyuma nilijifunza kwake pia. Mama yangu mzazi hakuwahi kutamka lolote. Alinikabidhi akatoka chumbani.

Na mimi nikakukabidhi kwa shangazi yako nikatoka chumbani. Nimeliwaza sana hilo siku hizi tatu. Una miaka 38 na leo ndiyo nakwambia habari ya shabu, kwa sababu muuza vipodozi amenitangulia.

Somo alipokuwa mgonjwa, mara ya mwisho kumwona, alinishika mkono akaniuliza kama mafunzo yake yalinifaa. Nikamjibu, "Yamenifaa, somo." Mpaka sasa sijui kama nilimdanganya. Jua na pasi vilinifaa. Shabu karibu inivunjie nyumba. Aliyempa yeye shabu ni somo yake, na yeye alinipa kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Sasa umeniuliza pia, mwishoni kabisa, kama mtoto aingie kwa kungwi likizo ya Desemba kama bibi yake mwingine anavyotaka. Hilo sitaamua. Niliandika usimpeleke, nikakata. Nikaandika mpeleke, nikakata. Ni mtoto wako na wa mwenzako, na huko kuna adabu na nyimbo ambazo mimi siwezi kumfundisha kwa simu. Lakini akiingia, nawe uwe chumbani, usitoke. Haya, nimesema nusu, na nusu nyingine naizuia kwa shida.

Shuleni kwake uliza ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, wasichana wanapewa nchini tangu 2018. Hiyo usisubiri.

Chupa ya waridi isiingie bafuni kwa mtoto. Maji yanatosha.

Kesho naweka mzigo kwenye basi la asubuhi. Mna kopo lenye mkono na chupi 6 za pamba. Moja ni nyeusi, nimeichagua kwa makusudi. Akiivaa miezi michache itafifia pale katikati, iwe kama imemwagiwa dawa ya madoa. Akija kukwambia imeharibika, kaa naye kitandani umwambie kwamba ni ule uchachu.

Mama yako