Jibu: Sado ya poli 63 kwenye bomba la chuma la inchi 2

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama sado klampu (kibano kinachofungwa kuzunguka bomba ili kutoa tawi la maji) uliyonunua kwa bomba la poli, yaani la plastiki, la milimita 63 itakaa pia kwenye lile la chuma la inchi 2. Haitakaa. Poli hupimwa kipenyo cha nje, kwa hiyo 63 ni 63 kweli. Chuma cha inchi 2 kwa nje ni kama milimita 60.3. Tofauti hiyo inatosha mpira wa ndani ya sado usibane, na maji yatavuja hata ukaze bolti mpaka zikatike.

Tafuta sado ya mkanda wa chuma cha pua, ile inayorekebishwa. Vipenyo inavyobeba huandikwa kwenye mwili wake, soma kabla hujalipa. Kwa upande wa poli chukua yenye mkanda mpana, maana mwembamba unaliminya bomba.

Kutoboa ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Tafadhali usichome poli kwa nondo ya moto! Inaacha ukingo wa plastiki iliyoyeyuka, tundu linakuwa bovubovu na maji yanapungua. Tumia drili yenye biti ya duara (ile ya msumeno inayokata tundu la mviringo), na kile kisahani kinachokatika ukitoe, kisije kuziba koki mbele. Mpira upake maji ya sabuni, grisi ya gari itauharibu. Kaza nati kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha fungulia maji uangalie kabla ya kufukia.

Ila kama hilo la 63 ni la mamlaka ya maji, watoboe mafundi wao. Wewe anzia baada ya mita.