Sahani Moja, Miili Miwili: Uzito Wangu Baada ya Kukoma Hedhi

Kwa miaka 24 mimi na mume wangu tumekula chungu kimoja hapa Moshi: machalari (ndizi na nyama), kiburu (ndizi na maharage), ugali na mboga za majani, na nyama ikipatikana. Hata hivyo, nilipofikisha miaka 51 na hedhi kukoma, sketi zilizozoea kunibana nyongani zilianza kunibana kiunoni, ingawa mizani haikuonyesha ongezeko kubwa. Kwaresma ya mwaka huo tulifunga pamoja. Mume wangu aliacha bia akapungua kilo 4, nami nisiyeonja bia wala kula nyama siku hizo zote sikupungua hata kilo 1. Nilijilaumu sana, nikaamini kwamba sina nidhamu, na ninaandika haya kwa ajili ya mama yeyote anayejilaumu kama nilivyojilaumu mimi.

Estrojeni, homoni inayotengenezwa hasa na ovari, ndiyo inayoelekeza mafuta ya mwanamke kwenye nyonga, mapaja na makalio. Inapopungua wakati wa kukoma hedhi, mafuta huanza kuwekwa tumboni, na sehemu yake hujikusanya ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo, ambako huchangia mwili kuacha kuisikia vizuri insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini ikiwa juu, mwili huweka mafuta badala ya kuyatoa ghalani. Mwanamume huanza kuweka mafuta tumboni tangu ujanani, ndiyo maana kitambi chake huonekana mapema. Lakini mafuta hayo ya ndani ndiyo hutangulia kupungua anapokula kidogo, na misuli yake mingi, inayojengwa kwa msaada wa testosteroni, homoni ya kiume, hutumia nishati hata akiwa amelala. Nilikuwa nikijipima kwa mwili usio wangu.

Nilizoea pia kusema kwamba umetaboli wangu, yaani jinsi mwili unavyotumia nishati, umelala kwa sababu ya umri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, uliniondolea kisingizio hicho: ukishazingatia ukubwa wa mwili na wingi wa misuli, matumizi ya nishati hubaki karibu yaleyale kuanzia miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na kwa wanaume. Kilichonigusa zaidi ni kazi ya mtafiti Herman Pontzer na wenzake, iliyotolewa mwaka 2012, kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, majirani zetu hawa wa upande wa Karatu. Wahadzabe hutembea kilomita nyingi kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama, lakini jumla ya nishati wanayotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wenye miili ya ukubwa uleule. Nilielewa hapo kwa nini kwenda kwa miguu hadi soko la Kiboriloni hakukunipunguza tumbo. Kutembea kunasaidia misuli kupokea sukari, na sijaacha, lakini uzito wangu ulikuwa ukiamuliwa zaidi mezani.

Mezani kwenyewe, adui hakuwa ndizi. Alikuwa chai. Nilikunywa vikombe 4 kwa siku, kila kimoja na vijiko 3 vya sukari; kijiko cha chai hubeba takribani gramu 4, kwa hiyo nilikuwa nikimeza karibu gramu 48 kabla sijahesabu soda ya kwenye sherehe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana nusu yake. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mpaka ulimi ukazoea. Kiburu nimekibakiza, maana maharage yake yana protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, ila sasa maharage ni mengi kuliko ndizi.

Usingizi nao una sehemu yake. Joto la ghafla la usiku lilikuwa likiniamsha mara tatu, na mtu asiyelala vya kutosha hupungukiwa leptini, homoni ya shibe, huku grelini, homoni ya njaa, ikipanda. Maandazi yangu ya saa nne asubuhi yalianzia kitandani.

Niliwahi kununua unga wa kupunguza tumbo kwa muuzaji mmoja wa barabarani. Niliharisha siku nne, nikapungua kilo 2 za maji, na zikarudi ndani ya wiki moja. Msinunue vitu hivyo. Nendeni mkapime sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingoni, kwa kuwa tezi iliyolegea huongeza uzito na ina tiba yake. Mabinti wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango, ambayo huongeza uzito kwa baadhi yao, wazungumze na mhudumu kuhusu njia nyingine kabla ya kuiacha.

Mizani nimeiweka kando. Ninatumia futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya chai, kwa sababu kwa mwanamke hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80, na kwa mwanamume 94. Nilianza na 97. Mwezi huu nimesoma 89, na mume wangu ameomba futi hiyo apime cha kwake.